Maabara ipo, kemikali hakuna. Walimu wa Kemia mnafundishia nini?

#1 Mwalimu Korosho
Wakuu habari. Niko Newala, shule ya kata, nafundisha Kemia Kidato cha Tatu na cha Nne, peke yangu. Jengo la maabara tunalo, lile la michango ya 2014 baada ya agizo la Kikwete la maabara tatu kila shule. Sinki zipo, mabomba ya gesi yamepita ukutani vizuri kabisa, mtungi wa gesi ndio haupo. Kabatini nimekuta bureti mbili, moja koki imekatika, chupa ya MO (methili oranji, kiashiria cha asidi na besi) iliyokauka, na kreti ya mirija ya majaribio ambayo popo wameifanya choo.

Nimeanza kuokoteza mtaani. Asidi ya betri nimepata duka la spea. Kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) nimenunua kwa wanaouza malighafi za sabuni. Mrututu upo duka la pembejeo. Salfa huku haina shida, kila nyumba ina mfuko wa kupulizia mikorosho. Ninyi wengine mnapata wapi vilivyobaki? Hasa nataka mtoto afanye titresheni (kupima asidi kwa besi, tone kwa tone) kwa mikono yake kabla hajaingia kwenye chumba cha NECTA. Na yupo aliyefundisha kwa vitu vya mtaani tu akafaulisha?

#2 Mzee wa Moli
Karibu. Nimefundisha Kemia tangu enzi za ubao na chaki, sasa nimestaafu. Anza na duka la dawa. Utapata pamanganeti, iodini, spiriti na hidrojeni peroksaidi. Betri za redio zilizokufa usitupe: ndani kuna kijiti cha kaboni (elektrodi zako za kuchambulia mrututu kwa umeme), ganda ni zinki, na ule unga mweusi una manganizi dayoksaidi. Osha unga, kausha, tia kidogo kwenye hidrojeni peroksaidi, oksijeni hiyo. Kijiti cha njiti chenye kaa kitawaka tena mbele ya darasa zima.

Tahadhari: fungua zile za bei rahisi za zinki na kaboni tu. Zilizoandikwa alkaline usiguse, ndani zina potasiamu haidroksaidi, itakula vidole.

#3 kibatari2
Mwalimu angalia usimalize salfa ya baba mkwe, ubwiri unga ukiingia kwenye mikorosho utafukuzwa ukweni 😂

#4 Dada Maabara
Mimi ni fundi sanifu maabara, Morogoro. Kuhusu bureti usiumize kichwa. Chukua sirinji ya mililita 10, toa sindano, fundisha watoto kusoma kwenye ukingo wa mpira, siyo kwenye kile kichongo cha katikati. Kila kundi la watoto watatu linakuwa na sirinji mbili, moja ya asidi na moja ya besi, ili wasichanganye. Bika ni chupa za maji zilizokatwa, ila mdomo uupitishe kwenye moto kidogo usiwakate.

Kiashiria: rozela (wengine mnaiita choya). Chemsha maua makavu, chuja. Kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye besi kijani. Tatizo lake katikati inapita rangi za zambarau zambarau, kila mtoto anasimama anapoona yeye. Kwa kufundisha wazo inatosha. Kwa namba za kuandika kwenye jedwali tafuta MO na POP (fenolfthalini, kiashiria kingine) za kweli, chupa ndogo ukiizimua vizuri inakwenda miaka.

#5 Jirani wa Kajiado
Salamu kutoka Kenya. Hata huku shule za mashinani ni hivyo hivyo, tunangoja ile orodha ya siri ya kemikali za KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, ndipo mwalimu mkuu anatoa pesa ya kemikali. Mimi nimewahi kutumia magadi kutoka Ziwa Magadi badala ya soda ashi. Ni kitu kilekile. Saga, pima gramu 10.6, tia kwa lita moja, hapo una sodiamu kaboneti 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Asidi ikiisha tumia siki ya dukani, kiashiria MO. Rahisi tu.

#6 Mzee wa Moli
Jirani, nakuheshimu, lakini hapo umekosea mara mbili.

Kwanza, jiwe la magadi siyo soda ashi tupu. Ni trona: kaboneti na baikaboneti zimeshikana pamoja na maji. Ukipima gramu 10.6 za jiwe hilo hupati 0.1 M ya kaboneti, bado hujahesabu mchanga. Soda ashi inapatikana baada ya jiwe hilo kuchomwa, baikaboneti ikageuka kaboneti na maji yakaondoka.

Pili, siki na MO haviendi. Siki ni asidi dhaifu, na MO inabadilika kwenye pH kati ya 3.1 na 4.4. Utatia besi kidogo tu, rangi imeshageuka, na asidi bado imejaa chupani. Siki unaipambanisha na kostiki soda, kiashiria POP. Asidi ya sitriki vivyo hivyo.

#7 Jirani wa Kajiado
Nimekubali la siki, mzee wangu. Asante. La magadi nitalijibu baadaye, maana wanafunzi wangu walipata jibu sawa.

#8 kibatari2
Walipata jibu sawa au walipewa jibu sawa?

#9 Mama Kunde
Mimi siyo mwalimu, nimeingia kwa sababu ya magadi. Nauliza tu, haya ninayotia kwenye kunde ziive haraka ni yapi? Maana dukani nikisema magadi napewa jiwe, nikisema magadi soda napewa kipakti cha unga mweupe wa maandazi, na jirani yangu anayetengeneza sabuni naye ana magadi yake kwenye kiroba.

#10 Dada Maabara
Mama Kunde umegusa kidonda. Jiwe ni trona aliyoisema mzee. Unga wa kipakti ni sodiamu baikaboneti. Cha kiroba ni soda ashi, yaani kaboneti. Vitu vitatu, jina moja. Nimeshuhudia mwalimu akimtuma mtoto dukani "magadi" na praktiko yote ikaharibika. Na unga wa kuumulia wa kopo siyo baikaboneti tupu, umechanganywa na asidi kavu na wanga, usimletee mtu maabara.

#11 Fundi Mchunguzi
Kabla hamjafika mbali: asidi na kostiki ni kemikali zinazosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya 2003. Chupa moja ya betri hakuna atakayekushika shati. Ukianza kukusanya madumu shuleni, mkuu wa shule aandike barua na stoo iwe na kufuli. Na jiki isikae rafu moja na asidi. Vikimwagikiana vinatoa klorini, na darasa lenye madirisha ya nondo halina pa kukimbilia.

#12 Mzee wa Moli
Kweli tupu. Na asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole, siyo maji ndani ya asidi. Mimi nilizembea mwaka wangu wa pili kazini. Suruali mpya ya tetroni, nilidhani nimerukiwa na maji. Nilipoifua Jumapili ikatoka na matundu kama chujio. Shukuru lilikuwa paja la suruali, halikuwa jicho la mtoto.

#13 simba_wa_data
Wakuu mbona mnateseka? Kuna maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, alianzisha Carl Wieman mwaka 2002, bure kabisa. Asidi na besi, kusawazisha milinganyo, kujenga atomu. Unapakua, unafungua bila intaneti, na baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Projekta moja, kompyuta moja, kazi imeisha. Vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) navyo viko kwenye maktaba mtandao yao.

#14 Dada Maabara
PhET ni nzuri sana kwa kuonyesha kisichoonekana, ayoni zinavyotembea na kadhalika. Ila NECTA haimpi mtoto kipanya, inampa bureti. Nimesimamia vijana waliokariri kila kitu, mkono unatetemeka kwenye koki, tone la mwisho linakuwa kijiko.

#15 simba_wa_data
Sawa, lakini bora kipanya kuliko ubao mtupu. Kuna shule mtoto hajawahi kuona hata rangi ya mrututu.

#16 Mama Kunde
Mrututu si ule wa buluu wa kutibu vidonda vya kuku?

#17 kibatari2
Huohuo. Mama Kunde nyumbani kwako kuna maabara kamili, TAMISEMI ikuletee tu wanafunzi.

#18 Mwalimu Korosho
Nimerudi, asanteni wote. Jumamosi tumefanya titresheni ya kwanza ya sirinji, makundi nane, kwa maelekezo ya Dada Maabara #4. Watoto wamefurahi, mimi nina kichwa kinauma.

Nilivyofanya: kostiki soda gramu 4 kwa lita moja, nikahesabu 0.1 M. Asidi ya betri mililita 10 nikaifikisha lita moja, nikichukulia ni 5 M, kwa hiyo 0.05 M. Kiashiria MO, nimepewa na shule jirani. Mililita 25 za kostiki zilitakiwa zimalizwe na mililita 25 za asidi. Makundi mengi yamepata karibu 19.6. Kundi moja 23, ila hao nawafahamu, walichungulia hesabu. Nimerudia mwenyewe jioni, 19.4. Wapi nimekosea?

#19 Jirani wa Kajiado
Asidi ya betri hiyo. Wauzaji wanaiongezea maji. Haijafika 5 M.

#20 Mzee wa Moli
Jirani, fikiri kinyumenyume. Asidi ikiwa hafifu, utahitaji nyingi zaidi kumaliza kostiki ileile. Yeye ametumia kidogo. Kwa kawaida asidi ya betri yenye msongamano wa 1.25 hadi 1.28 iko kati ya 4 na 5 M, kwa hiyo alitakiwa apate zaidi ya 25, siyo chini. Ubovu uko upande wa kostiki.

#21 Fundi Sabuni
Niwape ya kwetu. Kostiki inakuja kwenye mfuko wa kilo 25, magamba meupe makavu. Muuzaji wa rejareja anafungua, anapima kilo kilo kwenye mifuko ya nailoni. Kufikia wiki ya pili magamba yameanza kutoa jasho, yanashikana. Sisi tunajua mfuko ukishakuwa hivyo sabuni haishiki, lazima uongeze kipimo. Kwa hiyo gramu 4 zako, sehemu yake ni maji uliyonunua kwa bei ya kostiki. Na siwasemi wenzangu, lakini wapo wanaochanganya na chumvi. Kwa macho huwezi kujua.

#22 simba_wa_data
Kostiki inanyonya pia kaboni dayoksaidi ya hewani, inageuka kaboneti. Hiyo ndiyo sababu, wala siyo ujanja wa muuzaji.

#23 Mzee wa Moli
Nusu yake ni kweli. Myeyusho ulioachwa wazi ukinyonya kaboni dayoksaidi, kwa POP ungeona upungufu. Kwa MO huoni kitu, kwa sababu kila moli mbili za kostiki zinatoa moli moja ya kaboneti, nayo inakula asidi kiasi kilekile. Mwalimu ametumia MO. Magamba kama yalikuwa yameshanyonya kabla ya kupimwa, hapo ndiyo, uzito umeongezeka bure.

#24 Dada Maabara
Mimi nauliza kitu kidogo: gramu 4 zilipimwa kwa mzani gani?

#25 Mwalimu Korosho
Wa dukani kwa Mangi. Wa kidijitali lakini unasoma gramu nzima nzima.

#26 Dada Maabara
Basi tumemaliza. Mzani ukisema 4, kweli inaweza kuwa 3.5 au 4.4. Siku nyingine pima gramu 40 uzitie kwenye lita moja, upate 1 M, halafu chukua mililita 100 uzifikishe lita moja. Kosa la nusu gramu kwenye 40 halionekani.

#27 Fundi Mchunguzi
Hatujamaliza, dada. 3.5 ingempa karibu 22. Yeye ana 19.6. Mimi nashuku sirinji. Kufikisha 25 kwa sirinji ya 10 unavuta mara tatu, kila mvuto una kiputo cha hewa. Watoto hawagongi sirinji kuondoa kiputo.

#28 Mwalimu Korosho
Niligonga. Lakini watoto, sijui.

#29 mkaa_kimya
Maji je? Maji ya kisima yana chumvi nyingi.

#30 Mwalimu Korosho
Newala kisima? Mkuu huku juu ya uwanda tunakunywa mvua. Nimetumia maji ya tanki la zege la shule.

#31 Mzee wa Moli
Zege jipya linatoa chokaa kwenye maji, nayo ni besi. Lakini hiyo nayo ingepandisha kipimo, isingekishusha. Pima maji matupu kwa MO, ukiona yanakula asidi niambie.

Cha maana, acha kuamini kostiki na acha kuamini betri. Tafuta kitu cha tatu unachokiamini. Nunua baikaboneti ya kipakti (ile ya pili kwenye orodha ya #10), kaanga kwenye sufuria kavu safi, koroga mpaka uzito usishuke tena. Gramu 84 zinabaki 53, hiyo ni sodiamu kaboneti safi. Gramu 53 kwenye lita, zimua mara kumi, una 0.05 M. Pima asidi yako kwa hiyo kwanza.

#32 Mama Kunde
Kukaanga magadi! Mume wangu akinikuta jikoni nafanya hivyo ataita wazee.

#33 mkaa_kimya
Swali pembeni. Jaribio la msalaba unaopotea (lile la kasi ya mmenyuko), thiosalfeti mnapata wapi?

#34 Mzee wa Moli
Zamani tulikwenda studio ya picha, tunaomba "haipo" (hypo) ya kusafishia filamu. Haipo ndiyo sodiamu thiosalfeti. Siku hizi kila mtu ana simu, vyumba vya giza vimekufa, na jaribio letu likafa navyo. Labda ununue kwa wauza kemikali Dar.

#35 Mwl. Kiinglishi
Hakuna anayesema la lugha? Mtoto anaona kila kitu, anaeleza vizuri kwa Kiswahili kwamba rangi imegeuka kutoka njano hadi pinki, halafu mtihani unataka aandike kwa Kiingereza. Wangu aliandika asidi imekuwa "angry".

#36 kibatari2
Kwa kostiki ya Fundi Sabuni, ilikuwa na haki ya kukasirika.

#37 Mwalimu Korosho
Nimekaanga. Nyumba imenuka ajabu lakini uzito umeshuka kama mzee alivyosema, 84 zikawa 53 kwa mzani wa Mangi. Maji matupu kwa MO yalibadilika kwa tone moja, kwa hiyo tanki naliondoa.

Asidi dhidi ya kaboneti: nilitegemea 25, nimepata 28.4, mara tatu. Ina maana asidi yangu ni 0.044 M, betri ilikuwa kama 4.4 M. Jirani #19 alikuwa sahihi kwamba asidi ni hafifu. Na nikirudisha hesabu hiyo kwenye 19.6 ya Jumamosi, kostiki inatoka 0.069 M. Yaani katika gramu 4, kostiki halisi haifiki gramu 3. Imezidi kuwa mbaya!

#38 Jirani wa Kajiado
Nilisema. 😎

#39 Mzee wa Moli
Ulisema jambo la kweli kwa sababu isiyokuwa yake.

#40 simba_wa_data
Labda hakukaanga vya kutosha.

#41 Mzee wa Moli
Kama baikaboneti ingebaki, angepata chini ya 28, siyo juu. Gramu moja ya baikaboneti inakula asidi kidogo kuliko gramu moja ya kaboneti.

#42 Fundi Sabuni
Thelathini kwa mia ya maji ni nyingi, magamba yangekuwa uji. Hapo kuna chumvi. Onja... hapana, usionje! Yeyusha kidogo, ukiwa na salfa ya mikorosho...

#43 Dada Maabara
Salfa haihusiani kabisa na kupima chumvi. Angehitaji silva naitreti. Na bado naamini sehemu ni mzani, sehemu ni unyevu, sehemu ni viputo. Siyo lazima mwizi awe mmoja.

#44 Fundi Sabuni
Basi aniletee mfuko nimtazamie. Mimi siyo msomi ila nimeunguza mikono miaka kumi na moja.

#45 Mwalimu Korosho
Mzani nimeshapata mwingine, sonara wa Masasi ameniazima, unasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Jumamosi narudia na kostiki mpya ya mfuko unaofunguliwa mbele yangu. Watoto wa kundi la 23 nimewaweka mstari wa mbele.

#46 Mzee wa Moli
Safi. Muulize huyo sonara asidi anayopimia dhahabu. Ikiwa ni naitriki akupe mililita chache kwenye chupa ya kioo, siyo ya plastiki laini, na uje na basi ukiwa umeishika mkononi, usiiweke kwenye buti.

#47 kibatari2
Na suruali ya tetroni iache nyumbani.